Ndizi Gani?

Mjukuu wangu ni kijana wa kupandisha wageni mlimani. Kazi hiyo imempa marafiki wa mataifa mengi, na pamoja nao mazoea ambayo sisi wazee wake hatukumlea nayo. Mwaka jana, mwezi wa Juni, alinijia nyumbani jioni, akaniamkia, akaketi, akanywa chai mpaka ikaisha, kisha akasema: "Babu, Ijumaa kuna shughuli mjini. Watu wanakaa baani, wanaonjeshwa bia za viwanda vidogo, wanazitolea maksi. Nimekukatia tiketi."

Nikamwuliza kama wanaoalikwa ni wanywaji au ni watahini.

"Yote mawili, Babu," akajibu. "Ndiyo maana nikakukumbuka."

Basi nilikwenda, na haya ninayoyaandika ni uhakiki wa jioni hiyo. Watu huhakiki riwaya, tamthilia na nyimbo za dansi. Sioni kwa nini jioni ya watu kama thelathini, waliolipa kiingilio ili wafundishwe kuonja, isihakikiwe. Nayo ilikuwa somo hasa: ilikuwa na mwalimu, ilikuwa na ubao, ilikuwa na zana za kufundishia na mtihani. Mambo hayo nayafahamu. Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1971, nikafundisha mpaka nilipostaafu mwaka 2011, na miaka 27 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kuhusu bia sina cheti chochote. Nimezinywa za chupa kwenye arusi na kipaimara, na sasa daktari ameniachia glasi moja siku ya sherehe. Kuhusu pombe ya ndizi nimezaliwa ndani yake. Hilo nitalieleza mahali pake.

Baa yenyewe ni moja ya baa za mjini Moshi. Siku nyingine watu huenda pale kutazama mpira na kula nyama choma. Ijumaa ile runinga ilikuwa imezimwa, jambo ambalo peke yake lilistahili maksi, na viti vilikuwa vimepangwa kwenye meza ndefu kama za bwalo la shule. Mbele ya kila mtu palikuwa na glasi tano ndogo, glasi ya maji, kipande cha mkate mkavu, penseli na kadi. Kadi ilikuwa na vipengele vitano: rangi, povu, harufu, ladha, na kile kilichoandikwa "kinachobaki mdomoni". Kila kipengele maksi 10, jumla 50. Nilipoiona kadi ile moyo ulinidunda kama wa mchezaji mstaafu aliyeona mpira ukitua miguuni pake.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyejifunza upishi wa bia ng'ambo. Alipita meza kwa meza akitusalimu. Aliponifikia alisema, "Shikamoo mzee, karibu sana," akainama kidogo. Mjukuu wangu akajinyosha kwenye kiti kwa fahari.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Somo lilikuwa limeandaliwa. Bia zilipangwa kutoka nyepesi kwenda nzito, na ile chachu ikawekwa mwisho isije ikaharibu ulimi kwa nyenzake. Kila glasi ilijazwa robo tu. Katikati tulikula mkate na kunywa maji. Tena bia hazikuwa za barafu. Katika baa zetu mhudumu hukuuliza, "Baridi au moto?", na "moto" maana yake ni bia iliyokaa kaunta bila kuingia jokofuni. Wengi husema baridi, na wanataka baridi ya kuumiza meno. Kijana yule alitueleza kwamba baridi kali huifunga harufu isipande puani, na ulimi nao hufa ganzi. Kwa hiyo anayekunywa bia ya barafu hajui sana anakunywa nini. Akatuonjesha bia ile ile katika hali mbili, ya barafu na iliyopoa kiasi. Tofauti ilikuwa wazi hata kwa mzee kama mimi. Huko ndiko kufundisha: hakutuambia tuamini, alitupa vitu viwili mkononi.

Alipoingia katika historia aliteleza kidogo. Tukiwa kwenye glasi ya kwanza, laga ya rangi ya dhahabu, alitusimulia sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyoamuru bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Ni kweli sheria hiyo ilikuwapo. Lakini aliisimulia kama vile ndiyo amri ya kumi na moja, kwamba bia ya kweli ni hiyo na nyingine ni za kuigiza. Glasi ya tatu ikaja, nayo ilikuwa bia ya ngano ya mtindo wa Bavaria huko huko! Ngano haimo katika orodha ile. Iliruhusiwa baadaye kwa kibali maalumu cha watawala. Wala hamira haikutajwa, na sayansi ya kazi yake ilikuja kueleweka baadaye sana. Louis Pasteur alichapisha kitabu chake juu ya uchachukaji wa bia mwaka 1876. Nilinyamaza, maana mwanafunzi anayemsahihisha mwalimu kila dakika ni kero, na nimewahi kuwa na wa namna hiyo.

Glasi ya pili ilikuwa ile bia chungu waiitayo IPA. Tukaambiwa kwamba Waingereza waliibuni ili ivumilie safari ya meli hadi India, na kwamba bila hopsi nyingi bia ingeharibika baharini. Ni hadithi tamu, nayo imenyooka kupita kiasi. Bia nyeusi nazo zilisafirishwa hadi India zamani hizo zikafika salama, na bia za hopsi nyingi zilipikwa Uingereza kabla ya biashara ile kushamiri. Ningependa zaidi atuambie jambo ambalo ni kweli na linachekesha: kwamba mmea wa hopsi ni wa ukoo mmoja na bangi. Darasa zima lingeamka.

Sasa nifike kwenye kiini cha jioni.

Glasi ya tatu, ile ya ngano, ilikuja na ukungu wake na povu refu. Mwalimu akasema, "Msinywe kwanza. Ingizeni pua. Mnasikia nini?"

"Ndizi!" wakajibu watu watatu wanne kwa pamoja. Nadhani walikuwa wamewahi kuhudhuria.

"Safi kabisa. Ndizi. Andikeni."

Penseli zikaanza kukwaruza kadi. Mimi nikaingiza pua tena. Palikuwa na kitu, sikatai. Kitu kitamu, chepesi, cha juu juu. Lakini mtu aliyezaliwa kihambani hawezi kuandika "ndizi" akaishia hapo, kama vile mfugaji hawezi kuandika "ng'ombe" akaishia hapo. Nikanyosha mkono.

"Samahani mwanangu. Ndizi gani?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. "Ndizi mbivu, mzee," akasema.

"Mbivu ziko nyingi. Kisukari ina harufu yake. Mshare ukivundikwa ukaiva una yake. Ndizi ng'ombe ina yake. Hii ni ipi?"

Mjukuu wangu alikuwa akitazama meza. Kijana yule angeweza kunicheka pamoja na wenzake na kusonga mbele. Walimu wengi hufanya hivyo wakiulizwa swali lisilokuwa katika andalio la somo. Badala yake aliinua glasi yake, akanusa kwa muda mrefu, akaiweka chini. "Kwa kweli, mzee," akasema, "ni ndizi ya peremende."

Lilikuwa jibu bora la jioni nzima. Kisha akatoa maelezo ambayo hakuwa amekusudia kuyatoa: kwamba ndani ya bia ile hamna ndizi hata punje, kwamba hamira ya bia za ngano, inapochachua, huzalisha kitu kiitwacho isoamili asetati, kwamba ndizi mbivu nazo zina kitu hicho hicho, na watengeneza peremende hukitumia kuipa peremende harufu ya ndizi. Akaongeza kwamba bia ikichachuliwa kwenye joto zaidi, harufu hiyo huongezeka, na mpishi anaweza kuipunguza akitaka. Nikamshukuru. Nikaandika kwenye kadi: "Ndizi ya peremende. Mpishi aliachia joto." Nikampa harufu maksi 7.

Nikitazama nyuma naona kwamba udhaifu wa jioni ile, na wa mtindo mzima wa kuonja bia unaotoka nchi za mbali, ulifichuka katika majibu yale mawili. "Ndizi" ni neno la kufananisha: linakwambia kitu hiki kinafanana na kile. "Joto lilizidi" ni neno la kazi: linakwambia aliyefanya alifanya nini. Kijana alikuwa na maneno ya kazi tele, lakini alituhesabu kuwa watu wa mfananisho, akayaficha mpaka alipobanwa. Ubaoni aliandika balungi, msonobari, pasheni, chokoleti, rasiberi. Baadhi yake tunayajua. Msonobari umepandwa katika misitu ya serikali huku kwetu, na pasheni ziko sokoni. Katika ile bia chungu nilizisikia zote mbili, sina ugomvi. Lakini mwanafunzi anayeandika kwamba insha ya mwenzake "inafanana na ya Juma" hajaihakiki. Anayesema aya ya pili haikutokana na ya kwanza, huyo amehakiki, na mwenye insha anaweza kwenda kuirekebisha.

Nasema haya kwa sababu nimelelewa na mhakiki wa namna ya pili, ingawa yeye hakujua neno hilo.

Mama yangu alipika mbege. Ndizi zilivundikwa mpaka zikaiva, zikamenywa, zikachemshwa kwa saa nyingi mpaka zikageuka rangi kuwa nyekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa. Kando yake ulezi ulikuwa umelowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea. Unga wake ukapikwa uji, ukapozwa, ukachanganywa na maji yale ya ndizi. Wageni hudhani mbege ni jina la ndizi, kumbe kwa Kichaga ni jina la ulezi. Na palikuwa na gamba la msesewe, mti ambao wataalamu wa mimea wanauita Rauvolfia caffra. Lilitiwa kwa kipimo ili kuleta uchungu. Kazi ya hopsi huko Bavaria ilifanywa na msesewe hapa mlimani, na hakuna aliyetuletea kwa meli. Kesho yake pombe iko tayari. Kesho kutwa imekuwa kali, na baada ya hapo haifai.

Kabla ya mgeni kupokea kata, Mama alikunywa yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni. Hiyo ni desturi yetu. Humwondolea mgeni wasiwasi. Lakini mimi niliyekaa karibu naye niliona kwamba ndipo pia alipotahini kazi yake. Alimeza, akatulia kidogo, kisha akatamka. "Changa hii, ingengoja hadi jioni." "Kimea hakikuota sawasawa." "Moshi umeingia, nani alifunua chungu?" "Msesewe umepiga kelele." Kila hukumu ilionyesha kosa na mahali pa kosa. Sikumbuki hata siku moja aliyosema pombe yake ni nzuri. Kusifu aliwaachia wanywaji, na sifa zao hakuzijali sana. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mama hakuwa na maji ya kutia.

Mbege ile ndiyo iliyonisomesha. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Mimi nilisoma kabla ya hapo, na kila mwanzo wa mwaka palipikwa chungu kimoja ambacho sote nyumbani tulikijua kuwa ni cha ada.

Nirudi baani. Glasi ya nne ilikuwa stauti, nyeusi kama masizi, na kwangu ndiyo iliyoshinda. Ladha ya kahawa ndani yake haikutokana na kahawa. Ilitokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, na safari hii mwalimu alitupitishia punje zenyewe kwenye kibakuli tuzitafune. Nilitafuna, nikanywa, nikaona njia yote kutoka punje hadi glasi. Nilimpa 41 katika 50. Sijapata kuwa mwepesi wa maksi.

Glasi ya tano ilikuwa nyekundu na chachu, imepikwa na rasiberi. Hapo nilitenda kosa. Sijawahi kuona rasiberi wala kula. Nilionja, nikakunja uso, sikuelewa ninachokionja. Nikatupia jicho kadi ya mama mmoja wa Kizungu aliyeketi kulia kwangu. Alikuwa ameandika "rasiberi" na 8. Nikaandika "rasiberi" na 8. Nilinakili! Katika maisha yangu ya kazi nimewafutia majibu watoto wa miaka kumi na miwili kwa jambo hilo hilo, na baadhi yao nimewasimamisha mbele ya darasa. Mimi nilinakili katika mtihani usiokuwa na cheti, mbele ya mjukuu wangu, kwa sababu moja tu: sikutaka kuonekana mshamba. Nadhani nusu ya wanaoanza kuhudhuria jioni za namna hii huandika hivyo. Wanapewa maneno ya vitu wasivyovijua, wanayatamka, na kidogo kidogo wanaanza kuamini kwamba wasipoyatamka hawana ulimi.

Kufunga somo, mwalimu alisema maneno ambayo nayanukuu kadiri nilivyoyakumbuka: "Hapa kwetu tumezoea kunywa. Kuonja hatujazoea. Lengo letu ni kuanzisha utamaduni huo." Watu wakapiga makofi. Mjukuu wangu akapiga. Mimi nikanyanyua mikono, kisha nikairudisha mezani.

Si kwamba alisema uongo mtupu. Mlima huu unakunywa sana, na unajua gharama yake. Nimezika wenzangu wa rika kwa ajili ya pombe. Nilishukuru mwaka 2017, Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi, maana vilikuwa vimefika hadi mifukoni mwa wanafunzi. Ikiwa robo glasi, mkate na maji vitamfundisha kijana kutulia na kinywaji kimoja kwa dakika kumi, mimi nauunga mkono utaratibu huo. Lakini kusema kuonja hakukuwapo ni kusema Mama hakuwapo.

Na hapo ndipo nilipokosa nguvu ya kumlaumu yule kijana, kwa sababu mimi nilisema hivyo kabla yake, tena kwa barua.

Ilikuwa mwaka 1986. Mama mmoja alihamia karibu na shule yetu akaanza kupika mbege na kuuza. Alikuwa na binti wa Darasa la Tano, mtoto mwenye mwandiko ulionyooka. Kilabu chake hakikufika hatua mia mbili kutoka uwanja wa shule. Walimu wangu wawili walianza kwenda pale saa nne, wakati wa mapumziko, na kurudi darasani wakinuka. Hilo lilikuwa kosa la walimu, nao walikuwa chini yangu. Njia iliyonyooka ilikuwa kuwaita ofisini. Lakini walimu walikuwa haba, mmoja wao alikuwa na ndugu wilayani, na mimi nilikuwa bado mgeni katika cheo. Nikaona wepesi kuandikia serikali ya kijiji. Niliandika kwamba pombe inayopikwa pale ni hatari kwa afya, ni chafu, na ni aibu kwa mazingira ya elimu.

Yule mama alipata habari akaja ofisini kwangu. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, umeandika pombe yangu ni chafu. Umeionja?"

Nikamjibu kwamba mimi sinywi saa za kazi.

Wiki ile mgambo walikwenda wakamwaga vyungu. Muhula uliofuata binti hakuonekana. Nikaambiwa wamehama, wengine wakasema wamekwenda upande wa Arusha, sikufuatilia. Katika daftari la mahudhurio, mbele ya jina lake, niliandika kwa wino mwekundu neno tunaloandika: utoro. Walimu wangu wawili walitafuta kilabu kingine, mbali kidogo, wakawa wanachelewa zaidi.

Huenda pombe ile ilikuwa chafu kweli. Huenda ilikuwa safi kuliko ya Mama. Ndilo jambo ambalo sitalijua kamwe, kwa kuwa nilitoa maksi bila kuonja, na mtahini wa namna hiyo hata yule mnakili wa rasiberi anamzidi. Mnakili alau aliinua glasi.

Basi nilipoketi baani nikimsikiliza kijana mwenye mapipa yanayong'aa akipigiwa makofi kwa sababu anapika kidogo kidogo, kwa mikono yake, kwa kufuata hamira na majira, nilikumbuka kwamba yule mama naye alipika kidogo kidogo, kwa mikono yake, kwa kufuata hayo hayo. Mmoja kazi yake inaitwa ufundi, na watu wanalipa kiingilio. Wa pili iliitwa aibu, na aliyeipa jina hilo ni mimi. Sisemi wamefanana kwa kila kitu. Kijana ana vipimo, ana leseni, anajua kwa hesabu kiasi cha kileo katika kila chupa, na hayo ni mambo makubwa kwa usalama wa watu. Nasema tu kwamba mmoja tulimwonja kabla ya kumpa jina, na mwingine hatukumwonja.

Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata kwenye kaunta. Nikamwambia jioni yake ni nzuri, ila ina upungufu wa glasi moja. Akaniuliza ipi. Nikamwambia ya sita, ya mbege, na mpishi wake asimame pale aliposimama yeye, anywe kwanza, aseme palipoharibika. Hakunidharau. Alisema leseni ya baa ni ya vinywaji vya kiwandani. Alisema mbege haivumilii safari wala kesho. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuinywa. Sababu mbili za kwanza ni za kweli, na sina jawabu lake. La tatu nilimjibu: nikamwelekeza kijijini kwangu, Jumapili yoyote baada ya ibada. Mpaka ninapoandika haya hajafika. Kazi za watu ni nyingi.

Usiku ule nilikwenda na kadi yangu nyumbani, kwa maana tuliruhusiwa kuchukua nakala. Asubuhi nilitafuta kalamu nyekundu nikaisahihisha. Kwenye glasi ya tano nilifuta "rasiberi", nikafuta 8, nikaandika: "Chachu. Sikuielewa. Ionjwe tena." Mjukuu wangu alipokuja kuniona aliichukua akaisoma.

"Babu, huyu mtahini mkali," akasema.

"Alichelewa," nikamjibu.

Kisha nikamchukua tukaenda kwa jirani yangu, mama mjane anayepika kila mwisho wa wiki. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipita mlangoni pake nikisalimu tu. Mwalimu mkuu hakai kilabuni, na mazoea hayastaafu siku moja na mtu. Aliponiona naingia alifuta benchi kwa khanga yake, akachota, akanywa yeye kwanza, akanipa kata. Nikanywa kidogo, nikatulia. Ilikuwa nzuri, nzito, uchungu ukija mwishoni taratibu. Lakini palikuwa na kitu.

"Mama, ulezi wa safari hii?" nikamwuliza.

Akanitazama, kisha akacheka. "Wa dukani, Mwalimu. Wangu uliisha. Haukuota wote." Akachukua kata akaonja tena yeye mwenyewe, akatikisa kichwa. "Wewe umejuaje?"

Sikumjibu mara moja. Nilimtazama mjukuu wangu, aliyekuwa amepewa kata yake, ameingiza pua ndani, amefumba macho, anatafuta.

Hukumu yangu juu ya jioni ya bia ni hii, kwa anayetaka kuijua kabla ya kukata tiketi. Mpangilio, 9 katika 10. Historia, 4. Uaminifu wa mwalimu anapobanwa kwa swali, 10, na ndizo pekee nilizowahi kutoa kamili. Uchaguzi wa maneno, 5. Yangekuwa zaidi kama angetupa yale ya kazi aliyokuwa nayo. Glasi ya sita haikuwapo, kwa hiyo haina maksi. Nasikia wanapanga nyingine. Nikiwa na afya nitakwenda, nitakaa mbele, na nitamwomba kwanza anionyeshe hiyo rasiberi.